Makhan Singh: Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji

Mji wetu wa Kitui haukupitiwa na reli. Katika ujana wangu, sisi watoto wa huku tulilisikia garimoshi katika hadithi za watu wazima waliokwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa. Nilipokuwa mwanafunzi, safari moja ilinifikisha Makindu, kwenye hekalu la Makalasinga lililojengwa mwaka 1926. Humo nililishwa bure, kama walishwavyo wasafiri wote hadi leo. Nilikula, nikashukuru, nikaondoka. Sikuuliza watu wale walifikaje Ukambani.

Walifika kwa kazi. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kuja kujenga reli ya Uganda. Wapatao 2,500 walifariki, na wengi wa waliosalia walirudi kwao. Kama 6,700 tu ndio waliobaki. Baadaye wakafuata mafundi wengine. Mmoja wao alikuwa Sudh Singh, fundi seremala aliyekuja mwaka 1920 na kufanya kazi katika reli. Mwaka 1927 alifuatwa na mwanawe, Makhan Singh, aliyezaliwa Punjab mwaka 1913.

Kijana huyo alisoma Nairobi, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha kupiga chapa cha baba yake. Alitunga mashairi kwa Kipunjabi. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichoitwa hapo awali Chama cha Wahindi. Jambo la kwanza kubwa walilofanya ni kubadili jina. Neno Wahindi likaondolewa, nacho kikawa chama cha wafanyakazi wa Kenya, mlango wazi kwa kila rangi. Mimi niliyefundisha isimu kwa miaka mingi naliona tendo hilo kuwa zito. Serikali ya kikoloni iliwatenga watu kwa majina, ikampa kila mmoja mshahara wa kabila lake. Kufuta jina moja kulikuwa sawa na kubomoa ukuta. Tena chama hicho kilisambaza matangazo yake kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, ili yule aliyeitwa maskini asipitwe na habari ya haki yake.

Mwaka 1936 chama kilidai siku ya kazi iwe ya saa nane. Dai hilo halikuwa geni duniani. Miaka 50 kabla yake, tarehe 1 Mei 1886, wafanyakazi wa Chicago waligoma kwa ajili ya saa hizo hizo nane. Viwanda vya Marekani wakati huo vilijaa wahamiaji, na wengi wa viongozi waliotiwa hatiani baada ya machafuko yaliyofuata walikuwa wazaliwa wa Ujerumani. Huko nako mgeni alionekana anafaa kubeba mzigo, lakini hafai kudai ujira wake. Mgomo wa Nairobi wa mwaka 1937 ulidumu siku 62, na waajiri wakalazimika kuongeza mishahara.

Makhan Singh alilipa gharama. Alipokwenda India alikamatwa mwaka 1940 na kuzuiliwa. Aliporudi Kenya mwaka 1947, serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai hadharani uhuru kamili wa nchi zetu. Majuma matatu baadaye alikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Alizuiliwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka kumi na moja.

Wapo wasemao kwamba alikuwa mkomunisti, kwa hiyo tusimtukuze. Ukomunisti wake hakuuficha. Lakini saa nane za kazi na uhuru wa nchi tunavifurahia sote, wakomunisti na wasio wakomunisti. Baada ya uhuru hakupewa cheo. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini, iliyochapishwa mwaka 1969, akafariki Mei 1973.

Ndugu walimu, somo letu la reli huishia mara nyingi kwa simba wa Tsavo. Simba wale walikula watu wachache. Kazi yenyewe iliwamaliza wengi zaidi. Leo vijana wa Kitui na Makueni wanakwenda Ghuba kutafuta riziki, nao huko ndio wageni. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwanafunzi asiyejua kwamba mgeni mmoja alifungwa kwa ajili yetu atajuaje kuwadai wenyeji wa huko haki ya ndugu yake?