Mwanafunzi Aliyepitwa na Pasaka

Kila Jumatano ya Majivu swali ni lile lile kwenye korido za hosteli: wewe unaacha nini mwaka huu? Huyu soda, yule muziki, mwingine mitandao ya kijamii. Mimi nikilisikia namkumbuka Benedikto, maana naye aliwahi kuwa mwanafunzi, na alichoacha ni masomo yenyewe.

Alizaliwa Nursia, Italia, karibu mwaka 480, akapelekwa Roma kusoma. Alipoona maisha ya wenzake yalivyo ya hovyo, akaviacha vitabu, akaondoka. Aliishia kwenye pango huko Subiaco, akakaa humo miaka 3. Aliyejua aliko ni mtawa mmoja tu, Romano, aliyekuwa akijinyima sehemu ya mkate wake na kumteremshia kwa kamba yenye kengele.

Habari hizi tunazo kwa sababu Papa Gregori Mkuu aliziandika, miaka isiyofika 50 baada ya Benedikto kufa. Humo mna kisa ambacho sichoki kukisoma. Siku moja padre anamfikia pangoni na chakula, anamwambia ale kwa kuwa leo ni Pasaka. Kijana hana habari! Amefunga peke yake mpaka sikukuu kubwa kuliko zote imefika bila yeye kujua. Wengi wanakiona kisa hiki kama sifa kwake. Mimi, kusema kweli, naona hapo kuna hatari: mfungo uliomtoa mtu kwenye kalenda ya wenzake, hadi akahitaji kuletewa Pasaka mlangoni.

Baadaye watawa fulani walimwomba awe abati wao, kisha ukali wake ukawashinda, wakamtilia sumu kwenye divai. Alipobariki chombo kikapasuka, naye akarudi zake pangoni. Karibu mwaka 529 alianzisha monasteri ya Monte Cassino, na huko akaandika Kanuni yake yenye sura 73, ile ile wanayoifuata watawa wa Peramiho na Ndanda hadi leo.

Sura ya 49 inahusu Kwaresima, na ni fupi sana. Kila mtawa ajichagulie mwenyewe kitu cha kuongeza juu ya kawaida yake: sala zaidi, au apunguze chakula, kinywaji, usingizi, maneno, utani. Achague kwa hiari, tena kwa furaha, akiingojea Pasaka. Lakini kabla ya kuanza lazima amweleze abati na kupata ruhusa. Asipofanya hivyo, atahesabiwa kuwa na majivuno. Sura inayotangulia inaongeza jambo ambalo sisi wa chuo tungelitarajia: Kwaresima ikianza, kila mmoja anapewa kitabu kimoja, akisome chote kwa mpangilio, na wazee wanapita kukagua nani anapiga soga. Wasimamizi wa mitihani, kabisa.

Aliyeandika hayo ndiye yule wa pangoni. Sidhani ni bahati mbaya.

Nasema hivi kwa sababu Kwaresima iliyopita jirani yangu wa hosteli alijipangia kutokula mpaka jioni, wiki ya majaribio, bila kumwambia mtu. Alianguka kwenye ngazi tukambeba. Padre mlezi angemwuliza maswali mawili tu, akampunguzia. Mwaka huu mimi nimechagua kitabu kimoja cha maktaba na kunyamaza saa moja kabla ya kulala, na nimeshamweleza padre. Kunyamaza alikubali. Kitabu alisema ni kinene mno, nitafute kingine.

Benedikto alifariki karibu mwaka 547, amesimama kanisani, wanafunzi wake wakimtegemeza. Mapokeo yanataja 21 Machi. Sikukuu yake katika Kanisa lote sasa ni 11 Julai, kwa kuwa ile tarehe ya zamani huangukia ndani ya Kwaresima karibu kila mwaka. Wabenediktini wenyewe bado wanaiadhimisha Machi, mfungo ukiendelea.