Maisha ya Walter Rodney, Mwandishi wa Historia

Watu wakitajiwa mashujaa hufikiri habari za wafalme, askari na wapigania uhuru. Mimi leo napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusoma karatasi za zamani na kufundisha darasani. Wengi wetu huiona kazi hiyo kuwa ya amani, isiyoweza kumletea mtu hatari. Lakini mtu huyu aliifuata kazi hiyo mpaka ikamwingiza katika vita vya siasa, akauawa akiwa na umri wa miaka 38 tu. Jina lake ni Walter Rodney.

Hakuwa Mrundi, wala hakukaa Bujumbura. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, vitabu vyake viwili vilitoka wakati akifundisha kwa jirani zetu wa Dar es Salaam. Pili, alizaliwa katika nchi ambayo majirani walifundishwa kuogopana, naye akaitumia historia ili kuwapatanisha. Sisi wa Burundi twaijua haja hiyo.

Alizaliwa tarehe 23 Machi, 1942, katika mji wa Georgetown, nchini Guyana, Amerika ya Kusini. Wakati ule nchi hiyo ilikuwa koloni la Waingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake pia alikuwa mshonaji. Katika Guyana wako watu wa asili nyingi, lakini mafungu mawili ndiyo makubwa. Fungu la kwanza ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Utumwa ulipokwisha, wenye mashamba ya miwa walitaka watu wengine wa kuwafanyia kazi kwa ujira mdogo. Basi tangu mwaka 1838 mpaka 1917 wakaleta vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi. Wajukuu wa vibarua hao ndio fungu la pili. Rodney alikuwa wa asili ya Kiafrika.

Mwaka 1953 kilikuwako chama kimoja kilichowaunganisha watu wa pande zote mbili, nacho kiliitwa PPP. Viongozi wake walikuwa Bwana Cheddi Jagan, mwenye asili ya Kihindi, na Bwana Forbes Burnham, mwenye asili ya Kiafrika. Rodney alikuwa mtoto wa miaka 11, akawa anazunguka mitaani akigawa karatasi za chama. Lakini mwaka 1955 viongozi hao wakatengana, na baada ya muda watu wengi wakafuata kila mmoja mtu wa asili yake. Kati ya mwaka 1962 na 1964 nchi iliingia katika ghasia mbaya. Nyumba zikachomwa moto, na watu wakauawa kwa ajili ya asili zao tu. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana bila hilo hatutaelewa yaliyompata Rodney baadaye.

Kwa akili yake alipata nafasi katika shule ya Queen's College, iliyokuwa shule kubwa ya serikali. Huko alisifika kwa mijadala na kwa michezo. Mwaka 1960 akaenda Jamaica kusoma katika Chuo Kikuu cha West Indies, na mwaka 1963 akapata shahada ya historia ya daraja la kwanza. Kisha akavuka bahari kwenda London. Huko alitaka kuandika historia ya pwani ya Afrika ya Magharibi, kutoka upande wa mto Gambia mpaka Sierra Leone, katika zama za biashara ya watumwa. Kwa kuwa Wareno ndio waliotangulia kufika katika pwani ile, ilimpasa kujifunza Kireno, akaenda Ureno kusoma nyaraka zao za karne nyingi. Mwaka 1966, akiwa na miaka 24, akapewa shahada ya udaktari. Kazi hiyo ilitolewa kuwa kitabu mwaka 1970.

Katika kitabu hicho mna jambo moja ambalo lilinifanya nimheshimu. Rodney alikuwa mjukuu wa watumwa, na ingalikuwa rahisi kwake kuwalaumu Wazungu peke yao. Hakufanya hivyo. Alionyesha waziwazi kwamba wako wafalme na wakubwa wa Kiafrika waliowauza watu wa chini ili wapate bidhaa na nguvu. Alionyesha pia kwamba biashara ile ndiyo iliyoukuza utumwa ndani ya jamii za pwani. Aliwahukumu wa kwao kwa mizani ile ile aliyowapimia wageni.

Mwaka huo huo wa 1966 alifika Dar es Salaam kufundisha. Mwaka 1968 alirudi Jamaica, na huko hakukubali kukaa chuoni tu. Alikwenda katika vitongoji vya maskini, akakaa na watu wasio na kazi na wafuasi wa Rastafari, akawaeleza historia ya Afrika. Serikali ya Jamaica haikupendezwa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, alipokuwa akirudi kutoka mkutano wa Canada, alikatazwa kushuka katika ndege. Wanafunzi na watu wa mji wa Kingston waliandamana, pakatokea ghasia kubwa. Basi mwaka 1969 akarudi Tanzania, akafundisha mpaka mwaka 1974.

Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa na wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Rodney aliwafundisha wanafunzi chuoni, na pia aliliandikia gazeti lao lililoitwa Cheche, ambalo lilianzishwa mwaka 1969 na kufungwa mwaka 1970. Alisema bila woga. Mwishoni mwa mwaka 1969 alitoa hotuba juu ya mapinduzi katika Afrika, na gazeti la TANU, The Nationalist, likamkemea kwa maneno makali. Hata hivyo hakufukuzwa. Aliendelea na kazi yake.

Mwaka 1972 kilitoka kitabu chake kilichompa jina duniani, kilichoeleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilitolewa London na Dar es Salaam, na maneno ya mwisho ya kitabu yaliandikwa na Bwana Abdulrahman Babu wa Zanzibar. Shabaha ya kitabu ni nyepesi kueleza. Rodney alisema kwamba umaskini wa Afrika haukuanguka kutoka mbinguni. Utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika vilikua pamoja, kwa sababu nguvu za watu na mali zilitoka upande mmoja kwenda upande wa pili kwa muda wa karne nyingi.

Sisi wa Bujumbura twaweza kuyapima maneno hayo kwa macho yetu. Nenda bandarini ukatazame ziwa. Wakati wa ukoloni, mji huu ulipoitwa Usumbura, Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wa milimani kupanda kahawa. Kahawa ilishushwa mpaka hapa, ikavushwa kwa meli mpaka Kigoma, ikapakiwa katika reli iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, ikaenda mpaka Dar es Salaam, kisha Ulaya. Tangu mwaka 1921 Wabelgiji walikuwa na sehemu zao za bandari huko Kigoma na Dar es Salaam kwa mapatano na Waingereza. Njia ile ilikuwa nzuri sana kwa kahawa. Mkulima aliyeipanda hakuwa na amri juu ya bei yake, wala hakuinywa. Habari kama hizi ndizo alizozikusanya Rodney kutoka kila pembe ya Afrika.

Wataalamu wengine walimpinga. Walisema kwamba aliitupia Ulaya mzigo wote, akawasahau watawala wabaya wa Kiafrika. Mimi naona kwamba lawama hiyo ina kiasi chake cha kweli kwa kitabu kile kimoja, lakini haimfai mtu mwenyewe. Maana maisha yake ya baadaye yote aliyatumia katika kupambana na mtawala wa kwao, tena mwenye asili moja naye.

Lakini kabla ya kufika huko, imenipasa kutaja jambo moja. Mwaka ule ule wa 1972, kitabu hicho kilipotoka, nchi yetu ya Burundi ilipatwa na maafa makubwa. Watu wengi mno waliuawa, wakiwemo walimu na wanafunzi wa shule, na makumi ya maelfu wakakimbilia Tanzania. Kwa hiyo wakati Rodney akiandika juu ya maumivu ya jana, maumivu ya siku hizo yalikuwa yakivuka mpaka kuingia nchi aliyokaa. Hata leo, katika mitaa yetu, nyumba hii ina masimulizi yake ya mwaka ule na nyumba ya pili ina masimulizi mengine, na mara nyingi watoto wa nyumba hizo hukaa dawati moja.

Mwaka 1974 Rodney aliamua kurudi kwao. Baadaye alieleza kwamba mtu anayetaka kubadili mambo ya nchi lazima aijue lugha ya watu wake mpaka ndani, pamoja na mizaha na mafumbo yake, na yeye katika Tanzania alikuwa bado mgeni. Alikuwa ameahidiwa kazi ya kuongoza idara ya historia katika Chuo Kikuu cha Guyana. Alipofika, kazi hiyo ikaondolewa kwa nguvu ya serikali ya Bwana Burnham, yule yule kiongozi wa zamani wa PPP, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu. Rodney alikuwa na mke, Patricia, na watoto watatu. Angaliweza kwenda kufundisha Ulaya au Marekani kwa mshahara mkubwa. Alikwenda huko kutoa masomo ya muda mfupi ili apate chakula cha jamaa yake, kisha kila mara akarudi Georgetown.

Yeye na wenzake wakaunda umoja ulioitwa WPA, uliokuwa na viongozi wa asili ya Kiafrika na wa asili ya Kihindi pamoja. Mwaka 1979 ukawa chama kamili. Rodney alisema katika mikutano ya barabarani, leo kwa Waafrika, kesho kwa Wahindi, na maneno yake yalikuwa yale yale pande zote mbili. Wakati huo huo aliandika historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya mwaka 1881 na 1905. Katika kitabu hicho alionyesha kwamba babu za mafungu yote mawili walipigana na maji ya bahari na ya mito, walikatwa ujira na mabwana wale wale, na kila mmoja aliambiwa kwamba adui yake ni mwenziwe. Aliandika pia hadithi kwa ajili ya watoto, moja juu ya Kofi Baadu aliyetoka Afrika, nyingine juu ya Lakshmi aliyetoka Bara Hindi, ili kila mtoto ajue safari ya babu za jirani yake.

Mwezi wa Julai mwaka 1979 alikamatwa, akashtakiwa pamoja na wenzake kwamba walichoma moto jengo la serikali. Kesi haikwisha. Tarehe 13 Juni, 1980, usiku, alikuwa ndani ya motokaa katika mji wa Georgetown pamoja na ndugu yake Donald. Walikuwa wamepewa redio ya mkono ya kuzungumzia na mtu aliyekuwa askari wa jeshi. Ndani yake mlikuwa na bomu. Likalipuka, Rodney akafa, na ndugu yake akajeruhiwa. Kitabu cha wafanyakazi wa Guyana kilitolewa mwaka 1981, mwandishi wake akiwa kaburini.

Kwa miaka mingi serikali ilisema kwamba kifo kile kilikuwa ajali. Mwaka 2016 Tume ya uchunguzi ilieleza kwamba aliuawa kwa njama ambayo vyombo vya dola vilihusika nayo, na kwamba Burnham aliijua. Hati ya kifo chake ilikuwa imeandikwa kwamba hakuwa na kazi. Mwaka 2021 serikali ya Guyana iliamua kuirekebisha hati hiyo, iandikwe kwamba alikuwa profesa. Yaani historia ya mwandishi wa historia nayo ilihitaji kusahihishwa, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 40.

Ndugu wanafunzi, katika Mapatano ya Arusha yaliyotiwa sahihi tarehe 28 Agosti, 2000, viongozi wetu walikubali kwamba historia ya Burundi iandikwe upya, ili Warundi wote waweze kuifahamu kwa namna moja. Kazi hiyo ni ndefu, na baadhi yetu tunaosoma kurasa hizi ndio tutakaoiendeleza. Nionavyo mimi, mfano wa Rodney watupa kipimo cha kutumia. Yule aandikaye historia na ajiulize: je, maneno haya nitaweza kuyasoma kwa sauti mbele ya jirani yangu, kama ninavyoyasoma nyumbani kwetu? Kama hawezi, basi bado hajamaliza kuandika. Rodney aliweza kuyasoma yake pande zote mbili za barabara, na kwa ajili hiyo watu wa Guyana, wa Afrika na wa Bara Hindi, walilifuata jeneza lake pamoja.