Fanon na Wauguzi wa Blida

Nilipokuwa mtoto nikisoma chuoni hapa Malindi, njiani tulikuwa tukipita nyumba moja ambayo uani mwake palikuwa na mtu aliyefungwa mnyororo mguuni. Hakuwa mwizi. Alikuwa na maradhi ya akili, na jamaa zake walimpenda, ila hawakujua jambo jingine la kumfanyia. Kila nisomapo habari za Daktari Frantz Fanon, humkumbuka mtu yule.

Wengi wetu twamjua Fanon kwa siasa, kwa kile kitabu chake kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Lakini kazi yake hasa ilikuwa ni utabibu wa akili, na humo mna mafunzo kwetu sisi watu wa pwani.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 katika kisiwa cha Martinique, katika kizazi cha watu waliotolewa Afrika utumwani. Alipigana katika Vita Vikuu vya Pili upande wa Ufaransa, kisha akasomea udaktari mjini Lyon. Novemba 1953 aliingia Algeria, iliyokuwa ikitawaliwa na Wafaransa, kuongoza sehemu ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida.

Chini yake walikuwamo wanawake wa Kizungu na wanaume Waislamu, kila kundi mahali pake. Wauguzi walikuwa zaidi ni walinzi, kazi yao kufunga milango na kuwashika wakorofi. Fanon akaleta mtindo aliojifunza Ufaransa kwa mwalimu wake Tosquelles: wagonjwa na wauguzi waishi kama watu wa mtaa mmoja, wawe na mikutano, gazeti lao na sherehe. Kwa wanawake wa Kizungu mambo yakaenda vizuri. Kwa wanaume Waislamu hayakwenda kabisa. Waliitwa mikutanoni, wakakaa kimya.

Mwingine angesema akili ya Mwafrika ndivyo ilivyo. Hapa kwetu Kenya, Daktari Carothers, aliyepata kuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi, alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo, na Fanon alikuja kumpinga waziwazi. Kule Blida, Fanon alijilaumu yeye. Kiarabu hakukijua, akisema na wagonjwa kwa mkalimani, na sherehe alizowaletea hazikuwa zao. Basi pakafunguliwa mkahawa wa desturi yao, Idi zikasherehekewa, akaitwa msimulizi wa hadithi. Wale waliokuwa kimya wakaanza kuzungumza.

Wauguzi Waislamu, waliojua lugha na ada za wagonjwa, ndio waliokuwa daraja. Fanon akawasomesha, ili mshika funguo awe muuguzi anayejua anachokitazama.

Vita vya uhuru vilianza Novemba 1954, na Fanon akawa pamoja na wapigania uhuru. Mwisho wa 1956 alijiuzulu, na Januari 1957 akafukuzwa nchini. Huko Tunis alianzisha matibabu ya mchana, mgonjwa akirudi kwake jioni. Alifariki Marekani tarehe 6 Desemba 1961 kwa saratani ya damu, umri wake miaka 36, akazikwa katika ardhi ya Algeria. Uhuru ulikuja mwaka uliofuata, na hospitali ya Blida ikapewa jina lake.

Leo Kenya husomesha wauguzi waliokwisha hitimu, wakapata stashahada ya juu ya uuguzi wa maradhi ya akili. Vijana wetu wa Malindi, Kilifi na Magarini walio katika uuguzi wasiyapuuze masomo hayo. Mgonjwa wetu husikia sauti kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, huogopa majini na husda, hupelekwa kwanza kwa mwalimu akasomewe. Kisomo ni rehema, wala hakimzuii mtu kutafuta dawa. Anayeweza kumweleza mama hivyo, naye akamwamini, ni yule aliyezaliwa humu na akasomea kazi ile.

Mtu yule wa utotoni mwangu alikufa na mnyororo wake mguuni. Watu wa dua walimjia wengi. Muuguzi aliyesomea maradhi yake hakumjia hata mmoja.