Siti binti Saad: Kutoka kuuza vyungu Fumba hadi kurekodi santuri Bombay

Panda basi lolote pale stendi ya Misuna hapa Singida. Dereva akiwasha redio tu, haichukui muda utasikia Zuchu, Nandy au Khadija Kopa. Siku hizi mwanamke kuimba na kujulikana nchi nzima ni kawaida kabisa.

Ila kuna mmoja aliyefungua mlango huo karibu miaka 100 iliyopita. Na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa.

Alizaliwa mwaka 1880 hivi katika kijiji cha Fumba, Unguja. Wakati huo utumwa Zanzibar ulikuwa bado halali, ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, majirani zetu wa Tabora. Mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Yaani ni damu ya bara iliyokulia kisiwani.

Kwao walikuwa maskini. Mama alifinyanga vyungu, binti akavibeba kichwani kwenda kuviuza. Shule hakupata. Alichokuwa nacho ni sauti, na inasimuliwa kuwa alinadi vyungu kwa kuimba, watu wakamtambua hata kabla hajafika mlangoni.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko mwanamuziki Ali Muhsin akaisikia sauti hiyo na kuamua kumfundisha. Mjini ndiko alikopewa jina jipya: Siti, yaani bibi mwenye heshima zake. Fikiria hapo, kutoka Mtumwa hadi Siti.

Ili uelewe ukubwa wa alichofanya, jua kwamba taarab ilikuwa muziki wa jumba la Sultani. Iliimbwa na wanaume, tena kwa Kiarabu. Mtu wa kawaida wa Ng'ambo, mtaa wa maskini, hakuwa na nafasi humo. Siti na wenzake wakaileta taarab kwa Kiswahili. Alialikwa kuwaimbia matajiri na hata Sultani, lakini aliimba pia kwa watu wa mitaani, kwa lugha yao.

Wapo waliochukia. Walimtungia wimbo wa kumcheka, eti ametoka shamba na kaniki yake, leo naye anajiona mtu. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, akawaambia kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si kitu, hasara ni kukosa akili.

Mwaka 1928 akasafiri na kundi lake hadi Bombay, India, kurekodi na kampuni ya HMV. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kusikika kwenye santuri. Inakadiriwa kuwa hadi mwaka 1931 ziliuzwa santuri 72,000. Enzi hizo hakuna YouTube wala simu. Mwenye gramafoni aliiweka barazani, mtaa mzima ukajaa kusikiliza.

Na hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya kweli ya mwanamke aliyetoka bara kwenda kutembea Unguja. Mtuhumiwa alitoroka, halafu wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi ndio wakaishia kuadhibiwa na mahakama. Mahakama ilikuwa ya wakoloni, na nani angethubutu kuikosoa hadharani? Siti aliimba. Hukumu ile ikaendelea kujadiliwa vibarazani kupitia sauti ya mwanamke asiyejua kusoma.

Alifariki Julai 8, 1950. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Na miaka ya 1980, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kililipa jina la Sauti ya Siti.

Kwa hiyo kama uko Iramba, Mkalama au Manyoni, una kipaji na watu wanakuuliza wewe ni mtoto wa nani, mkumbuke muuza vyungu wa Fumba. Naye aliulizwa hivyo hivyo. Waliomuuliza leo hatuwajui hata majina.