Dizeli ni jina la mtu: Rudolf Diesel na asili ya taiming

Kila tunapozungumzia magari kwenye kipindi, ujumbe unaotufikia ni ule ule. Gari dogo la dizeli limebadilishwa mkanda wa taiming, na sasa linagonga, au asubuhi linatoa moshi mweupe na kukataa kuwaka. Swali la mwisho huwa moja: je, mtu anaweza kuseti taiming mwenyewe nyumbani?

Jibu limo humu. Lakini tumeona tulipitishe kwa mtu aliyekuwa wa kwanza kuumizwa kichwa na jambo hilo, maana dizeli, kabla ya kuwa jina la mafuta, lilikuwa jina la ukoo.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, na maisha ya nyumbani yalikuwa ya kubana. Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani waliokuwa Paris wakalazimika kuondoka. Familia ilikimbilia London. Rudolf, akiwa na miaka 12, akatumwa peke yake Augsburg kukaa na ndugu wa familia, Christoph Barnickel, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Huko ndiko alikosoma, na akiwa bado kijana mdogo alishaamua kuwa mhandisi.

Chuoni Munich alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza baridi. Siku moja darasani Linde alieleza kwamba mashine za mvuke, zilizokuwa zikiendesha viwanda vingi vya wakati ule, zilitumia asilimia kati ya 6 na 10 tu ya joto la makaa kufanya kazi. Lililobaki lilipotea hewani. Kwa kijana aliyekulia kwenye dhiki, hesabu hiyo ilikuwa kama kuambiwa kwamba katika kila magunia 10 ya mahindi, 9 yanamwagwa njiani. Hakuisahau. Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho pamoja na wenzake, lakini aliufanya Januari 1880 na kufaulu kwa alama za juu kabisa. Kisha akaenda Paris kufanya kazi kwenye mitambo ya barafu ya Linde. Akaoa mwaka 1883, mke wake akiitwa Martha Flasche, na wakapata watoto watatu.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza. Ukijaza upepo baiskeli, pampu inapata moto mkononi, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alijiuliza: hewa ikibanwa sana ndani ya silinda, si itakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche wala plagi? Mwaka 1892 aliombea wazo hilo hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na mwaka 1893 akaipata. Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kujenga injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikachangia fedha.

Hapo ndipo taiming inapoingia. Katika injini ya petroli, cheche ndiyo inayoamua moto uwake saa ngapi. Katika injini ya Diesel hakuna cheche. Moto unawaka pale mafuta yanapoingia. Kwa hiyo wakati wa kuingiza mafuta ndio wakati wa kuwasha. Yakiwahi, mlipuko unaikuta pistoni bado inapanda na kuipiga kichwani. Yakichelewa, pistoni imeshaanza kushuka, nguvu inapotea na mafuta yanatoka kama moshi.

Jaribio la kwanza lilifanyika tarehe 10 Agosti 1893. Injini haikuwa ikijiendesha yenyewe. Ilizungushwa na mitambo ya kiwanda. Mafuta yalipoingia yaliwaka kwa kishindo, kipimo cha shinikizo kikapasuka na vipande vikaruka hewani. Diesel aliponea chupuchupu. Mtu mwingine angefunga karakana. Yeye alitoka na jambo moja la uhakika: mafuta yanawaka bila cheche. Kilichobaki ni kuyaingiza kwa kipimo na kwa wakati.

Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka mitatu. Tarehe 17 Februari 1894 injini iliyorekebishwa ilizunguka kwa nguvu yake mara 88, kama dakika moja hivi. Husimuliwa kwamba Diesel mwenyewe hakutambua. Fundi aliyekuwa karibu ndiye aliyeona mkanda wa kuizungushia umelegea, akavua kofia kimyakimya. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi injini mpya, chuma kilichosimama kwa urefu wa kama mita 3. Iligeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna mashine ya mvuke ya wakati ule iliyoikaribia.

Ila mafuta yalikuwa bado yanapulizwa ndani kwa hewa ya kombresa. Diesel alitaka pampu iyasukume moja kwa moja, lakini hakupata pampu yenye uwezo huo. Kombresa ilikuwa kubwa na nzito, ikafaa viwandani na melini, na gari dogo likawa ndoto. Ndoto hiyo ilitimizwa na wengine baada yake. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma dizeli, na mwaka 1936 ikatoka Mercedes-Benz 260 D, miongoni mwa magari madogo ya kwanza ya dizeli kuuzwa kwa watu. Ilikuwa na silinda nne na nguvu ya farasi 45.

Pampu hiyo ndiyo unayoiseti leo. Basi tujibu swali.

Ndiyo, inawezekana nyumbani, ukiwa na kitabu cha injini yako na subira. Jambo linalowaangusha wengi ni hili: krenki huzunguka mara mbili wakati kamshafti na pampu vinazunguka mara moja. Pistoni ya silinda ya kwanza hufika juu mara mbili katika safari hiyo, mara moja ikiwa inabana hewa na mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Alama ya kwenye puli au flaiwili itakaa sawa mara zote mbili. Ile ya kubana hewa ndiyo unayoitaka, na utaijua kwa kuangalia valvu zote za silinda ya kwanza: zinakuwa zimefunga, na alama za kamshafti na za pampu nazo zinakuwa mahali pake. Ukifunga mkanda kwa alama ya krenki peke yake, umecheza kamari.

Mkanda ukishakaa, zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya krenki, mizunguko miwili kamili kwa upande inaozungukia, kisha angalia alama upya. Ikigoma kama imekutana na chuma, simama hapo hapo. Usilazimishe, maana huenda pistoni imegusa valvu. Watu wameharibu silinda hedi nzima kwa kupiga stata kabla ya kufanya kazi hii ya dakika tano.

Marekebisho madogo hufanywa kwenye pampu yenyewe. Katika pampu nyingi za magari madogo, boliti zinazoishikilia zinapita kwenye matundu marefu, hivyo ukizilegeza pampu inasogea kidogo. Ukiisogeza kinyume na upande shafti yake inaozungukia, unawahisha mafuta. Ukiisogeza kuufuata, unachelewesha. Sogeza kidogo sana kila mara. Injini ikigonga kwa ukali hata ikishapata moto, huenda mafuta yanawahi. Ikitoa moshi mweupe na kukosa nguvu, huenda yanachelewa, ingawa hita zilizokufa au nozeli mbovu huleta dalili hizo hizo, kwa hiyo zikague kwanza kabla ya kuilaumu pampu. Kipimo halisi ni cha kitabu cha injini yako, na pampu nyingine huhitaji saa maalumu ya kupimia ambayo fundi wa pampu anayo. Na usiweke kamwe mkono mbele ya nozeli inayopuliza: dizeli hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali.

Turudi kwa Rudolf. Baada ya kipimo cha 1897 fedha zilimiminika. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa St. Louis, alilipa marki milioni moja kwa haki ya kuitengeneza Marekani na Kanada. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Otto ilionyesha injini ya dizeli inayotumia mafuta ya karanga, na inasemekana watazamaji wachache tu ndio waliogundua. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiwaza makoloni yake ya Afrika, yenye karanga tele. Diesel aliendelea kulithamini wazo la mafuta ya mimea hadi mwisho wa maisha yake.

Upande wa pili wa maisha ulikuwa mgumu. Injini za mwanzo zilizouzwa ziliharibika mikononi mwa wateja, nao wakadai fedha zao. Washindani walimshambulia, wakisema mashine iliyofanya kazi haikuwa ile iliyoandikwa kwenye hataza, na kwa haki walikuwa na hoja: hataza ilieleza mafuta yaungue bila joto kupanda, na injini haikuwahi kufanya hivyo. Mwaka 1898 afya yake ilivunjika akalazwa. Alijenga jumba la kifahari Munich, akaweka fedha kwenye viwanja na visima vya mafuta, na nyingi zikapotea. Hataza zake za mwanzo zilipoisha muda, viwanda vikatengeneza injini bila kumlipa. Jina lilikuwa dunia nzima, madeni yakawa nyumbani.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden bandarini Antwerp kwenda Uingereza, ambako kiwanda kipya cha injini zake kilikuwa kinaanzishwa Ipswich. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, akaenda chumbani kama saa nne usiku, akiwa ameagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Asubuhi hakuwepo. Kitanda hakikulaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa staha ya nyuma, vimekunjwa vizuri. Kwenye shajara yake, tarehe ile ilikuwa imewekwa alama ya msalaba.

Watu wamesema ajali, wengine wamesema aliuawa kwa siri za injini zake. Kwetu sisi madeni na ule msalaba vina uzito zaidi kuliko hadithi za majasusi, lakini haijathibitishwa. Alikuwa na miaka 55.

Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi waliona mwili ukielea, umeharibika sana. Walitoa vitu mifukoni, wakaurudisha baharini. Tarehe 13 Oktoba mwanawe Eugen alionyeshwa vitu hivyo: kisanduku cha vidonge, pochi, kisu kidogo na kasha la miwani. Akavitambua kuwa vya baba yake.