Grace Hopper na Matokeo ya Kidato cha Pili Kisarawe

Kwenye utangulizi wa kompyuta mwaka wa kwanza, Grace Hopper tulimpita kwa sentensi mbili: mama aliyekuta nondo ndani ya mashine, basi. Nondo mdudu, siyo zile tunazomeza kabla ya UE. Na hata hapo tulidanganyana kidogo. Mdudu yule alikutwa kwenye mashine ya Mark II pale Harvard tarehe 9 Septemba 1947, wenzake wakambandika kwenye daftari la kazi. Mama mwenyewe alipenda tu kukisimulia kisa. Mimi nilikuja kumwelewa Kisarawe, wakati wa TP.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya mezani aone inavyofanya kazi, ikamshinda kuirudisha, akafungua nyingine, mpaka saa saba za nyumbani zikawa vipande. Mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea.

Wenzangu wa elimu, huyu alikuwa mwalimu kwanza. Alianza kufundisha hisabati Chuo cha Vassar mwaka 1931, na 1934 akapata udaktari Yale. Vita ilipofika aliomba kuingia jeshi la majini: umri umeenda, uzito haufiki. Wakamchukua hivyo hivyo mwaka 1943, na mwaka uliofuata akapelekwa Harvard kuandikia programu mashine ya Mark I, yenye urefu wa mita 15 na ushei.

Mwaka 1952, akiwa kwenye kampuni iliyotengeneza UNIVAC, alikuwa na programu inayotunga programu nyingine, A-0, akaiita kompaila. Wengi hawakuamini, kwao kompyuta ilikuwa ya kupiga hesabu tu. Akaendelea na lugha ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza, na kamati ya COBOL iliyoanza 1959 ikachota mengi humo. Desemba 1960 programu moja ya COBOL ikaendeshwa kwenye mashine za kampuni mbili tofauti, RCA na UNIVAC. Ukiandika mara moja, unahama nayo. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi.

Sasa twende Kisarawe. Shule niliyopangiwa ilikuwa na programu ya matokeo iliyoandikwa kwa lugha ya C kwenye Windows. Kompyuta yake ikafa, ikabaki moja yenye Linux. Mwalimu wa taaluma, mama mtu mzima, akanikabidhi mimi kwa kuwa ni kijana wa chuo. Kikao cha wazazi kilikuwa Jumamosi.

Kompaila ikatoa maonyo 12. Nikajiambia onyo siyo kosa, nikapita. Programu ikazimika palepale: faili liliandikwa Alama, programu ikatafuta alama. Windows hajali herufi kubwa na ndogo, Linux anajali. Nikarekebisha, ikaenda, nikachapa orodha nikiwa najiona fundi.

Mama akaiangalia kama dakika moja hivi. Binti mmoja amewekwa wa 31, na jumla yake ni kubwa kuliko ya aliyewekwa wa nne. Mimi nisingeona, maana alama zenyewe zilikuwa sahihi.

Maonyo yalikuwa yamesema. Alama zilitunzwa kwenye namba za aina ya long, lakini zikasomwa kama int. Kwenye Windows zote mbili ni baiti 4, hakuna tatizo. Kwenye Linux ya biti 64, long ni baiti 8: nusu ilijazwa alama, nusu ikabaki na takataka za kumbukumbu. Wakati wa kuchapa ilisomwa nusu safi. Wakati wa kupanga nafasi zikalinganishwa baiti zote 8, pamoja na takataka. Programu inayozimika angalau inakushtua. Hii ilikuwa inamshusha mtoto wa watu kimyakimya.

Ndipo nikakumbuka nusu ya pili ya maisha ya Hopper, ambayo darasani hatukuigusa. COBOL ilisambaa, kila kampuni ikaongeza vyake, na programu zikawa hazihami tena kirahisi. Jeshi lilikuwa limemstaafisha 1966; mwaka 1967 likamwita kwa miezi sita aje kunyoosha COBOL zake. Miezi hiyo ikawa miaka 19. Timu yake iliandika programu za majaribio zenye majibu yanayojulikana, kompaila ikipitishwa humo uone inajibu nini. Kazi isiyo na sifa hata kidogo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko A-0.

Alistaafu 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admeri, akafariki tarehe 1 Januari 1992.

Nikamwomba mama orodha za muhula uliopita, zilizochapwa kutoka Windows. Ijumaa usiku nikafuta maonyo moja moja, nikaingiza alama zile za zamani, tukalinganisha nafasi mstari kwa mstari, yeye anasoma, mimi naweka tiki. Zilipofanana zote, ndipo tukachapa mpya.

Yule binti alikuwa wa tatu.