Ossietzky: Mhariri aliyekataa kutoroka

MWANAHABARI Carl von Ossietzky alipojipeleka katika gereza la Tegel mjini Berlin, Mei 10, 1932, hakufungwa pingu. Marafiki na waandishi wenzake ndio waliomsindikiza hadi langoni. Tangu ahukumiwe alikuwa na miezi sita ya kuvuka mpaka, kama alivyofanya mshtakiwa mwenzake, Walter Kreiser, aliyetorokea Ufaransa. Yeye alibaki.

Kosa lao lilikuwa makala moja. Mnamo Machi 1929, Die Weltbühne, jarida la kila wiki lililohaririwa na Ossietzky, lilichapisha uchunguzi wa Kreiser ulioonyesha kwamba jeshi la Ujerumani lilikuwa likijenga kikosi cha anga kisirisiri, kinyume cha Mkataba wa Versailles wa 1919. Novemba 1931, mahakama ya Leipzig iliwahukumu kifungo cha miezi 18 kila mmoja kwa kufichua siri za kijeshi.

Ossietzky alizaliwa Hamburg, Oktoba 3, 1889. Babake alifariki akiwa mtoto mdogo, naye akaacha shule bila cheti na kuajiriwa karani katika idara ya mahakama. Vita Vikuu vya Kwanza, alivyoitwa kupigana mwaka wa 1916, vilimwimarisha katika msimamo wake wa kupinga vita maisha yake yote.

Jarida alilokuja kuliongoza lilianzishwa na Siegfried Jacobsohn mwaka wa 1905 likihusu michezo ya kuigiza. Mnamo 1918 lilibadilisha jina na kuingilia siasa. Jacobsohn alipofariki mwaka wa 1926, Kurt Tucholsky alishika usukani kwa muda, kisha Ossietzky akatwikwa mzigo huo mwaka wa 1927. Nakala zake zilikuwa takriban 15,000 tu kwa wiki, lakini zilisomwa na wakubwa waliolichukia.

Lilikuwa jarida la mrengo wa kushoto lisilo na chama. Liliwakemea viongozi wa chama cha SPD kwa kuwalegezea majenerali, na Wakomunisti kwa kuitii Moscow, huku likiwasihi wote waungane dhidi ya Wanazi. Kuna waliolilaumu baadaye kwamba ukali wake uliidhoofisha jamhuri changa iliyohitaji watetezi. Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na gharama: siku ya dhiki, hapakuwa na chama cha kulikinga jarida wala mhariri wake.

Siku hiyo haikukawia. Ossietzky aliachiliwa kwa msamaha wa Krismasi, Desemba 1932, na Januari 30, 1933, Hitler akatwaa madaraka. Marafiki walimhimiza akimbie. Alibaki tena. Februari 28, siku moja baada ya jengo la bunge kuteketea, alikamatwa. Toleo la mwisho la jarida lilitoka Machi 7. Wenzake waliendelea kulichapisha uhamishoni hadi 1939.

Katika kambi za Sonnenburg na Esterwegen, alipigwa, akafanyishwa kazi za sulubu na kuugua kifua kikuu. Novemba 1936, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 1935. Hermann Göring alimshinikiza aikatae. Aliikubali, lakini akazuiwa kusafiri hadi Oslo. Hitler alighadhabika na kuwapiga marufuku Wajerumani wote kupokea tuzo za Nobel. Ossietzky alifariki hospitalini Berlin, Mei 4, 1938, akiwa angali chini ya ulinzi. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Jarida lilifufuliwa Berlin Mashariki mwaka wa 1946, likafungwa 1993. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mahakama ya juu ya Ujerumani ilikataa kuifungua upya kesi ya 1931, na hukumu ikabaki ilivyo. Jeshi la anga ambalo mhariri huyo alifungwa kwa kulitaja, serikali ya Hitler ililitangaza kwa ulimwengu Machi 1935, Ossietzky akiwa bado kambini.